Fuvu Lisilo na Meno

Kamembe, Jumanne, 22 Februari 2000

Masika yameanza, na pamoja nayo uvundo. Mtaro upitao mbele ya baraza la Hamdani fundi cherehani, mahali ninapoweka meza yangu ya kuwaandikia watu maombi, umefurika na kutapika yote ambayo kiangazi kiliyaficha: maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, na kitu kimoja ambacho sikukitazama mara ya pili. Nimeazimia kuweka shajara ya majira haya. Ofisi hutaka Kifaransa au Kinyarwanda, nami huzipa zitakacho. Shajara hii ni yangu, nami naiandika kwa Kiswahili nilichojifundisha mwenyewe kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa kamusi iliyokosa jalada, si kile kiokotwacho sokoni.

Hamdani aliisoma sentensi hiyo juu ya bega langu. "Papa Kamusi," akasema, "hata mutaro unauandikia barua? Ngoja ukujibu."

Nikafunika ukurasa kwa kiganja.

26 Februari

Mvua. Mteja mmoja, mlevi. Alitaka kumshtaki mbuzi.

Ijumaa, 3 Machi

Leo amekuja mwanamke aitwaye Mukarugwiza, mzaliwa wa Bukavu aliyeolewa Nyakabuye miaka mingi kabla ya vita. Mwaka wa 1994 waliuawa mumewe na watoto wake. Wote amewapata na kuwazika isipokuwa kitinda mimba, binti aitwaye Ikirezi, aliyekuwa na umri wa miaka mitano. Mwaka jana mfungwa mmoja alikiri kwamba mtoto huyo alitupwa katika shimo la chokaa la Mutabazi, hapo Nyakabuye, ambako watu huvunja jiwe jeupe na kulichoma katika tanuru. Tangu mwanzo wa mwaka tanuru limezimwa na wanakijiji wanachimba. Juzi wakapata fuvu dogo la mviringo, lililogandamana na chokaa.

"Papa, konseye anasema kichwa iko ku biro, haitoki bila karatasi," akaniambia, akimtaja konseye, yaani diwani wa sekta. "Mu avril batazika bantu bengine. Nataka mutoto wangu azikwe na bengine. Niandikie muzuri. Banasema weye ndiye unaandikaka muzuri."

Nilimwuliza kama ana hakika.

"Iko kidogo, iko ya mviringo, imetoka kwa ile shimo. Nani mwingine alikuwa mule, Papa?"

Niliandika hadi alasiri. Sentensi ya kwanza ilikwenda mistari saba bila kujikwaa, ikipanda kutoka "mimi niliyetajwa hapo juu" hadi "haki ya mwisho ambayo mzazi huudai ulimwengu." Mukarugwiza hakuelewa Kifaransa changu lakini alilia nilipomsomea kwa sauti. Nilijiona nimefanya kazi njema.

9 Machi

Ombi limekubaliwa! Konseye wa sekta, bwana Kayitare, amesema aliposoma aliacha chai yake ikapoa. Fuvu litazikwa tarehe 15 Aprili, siku ya kuzika mabaki ya waliouawa 1994, chini ya jina la Ikirezi. Kwa kuwa aliyetafutwa amepatikana, uchimbaji umesimamishwa. Seremala ameagizwa jeneza dogo.

10 Machi

Mvua. Karatasi zangu zimeota ukungu wa kijani unaonuka kama soksi.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwenda Nyakabuye kushuhudia fuvu likifungwa katika kitambaa cheupe, kwa kuwa jina langu limo katika ombi. Nitaandika kwa utaratibu, ingawa mkono haupendi.

Ofisi ya konseye inanuka popo. Kayitare, mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi, alilitoa fuvu katika kabati, mahali palepale anapoweka sukari. Lilikuwa kubwa kuliko ngumi yangu, dogo kuliko kichwa cha mtoto niliyemtazamia. Lakini utosi wake ulikuwa wa mviringo kweli, na chokaa ilikuwa imejaza macho na kufunika uso. Nilijilazimisha kulipindua. Upande wa chini, ambako chokaa ilikuwa imebanduka, ukingo wa taya la juu ulionekana, mkali kama ukingo wa patasi.

Hapakuwa na jino. Jino ni jambo dogo. Lakini hapakuwa na tundu la jino.

"Bwana konseye," nikasema, "mtoto wa miaka mitano ana meno, na nyuma ya meno hayo ana mengine yanayongoja zamu."

"Papa Protais, meno inaangukaka."

"Meno huanguka. Tundu halianguki."

Akanisogezea kalamu. "Saini hapa. Uko unataka nini? Ulituandikia mistari saba, tukalia. Sasa unakuja kuhesabu meno?"

Sikusaini. Niliondoka nikiwa nimeshika mkono wangu mbali na mwili wangu, kama mtu aliyegusa kinyesi. Nilikuwa nimenunua sabuni kabla sijatambua kwamba kilichonikirihi hakikuwa fuvu, bali ile sentensi yangu, iliyokuwa nzuri kiasi cha kuzuia watu wasiangalie.

15 Machi

Sijala.

Jumamosi, 18 Machi

Hamdani ana mpangaji katika chumba chake cha nyuma, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu aitwaye Muhigirwa, ambaye mpaka leo nilijitahidi kutomwona. Kabla ya vita alikuwa msaidizi katika nyumba moja ya utafiti ng'ambo ya mpaka, akitunza mijusi, nyoka na kobe katika chupa. Askari walipopita walimwaga nyoka na kunywa ule mvinyo mkali uliowahifadhi. Huisimulia habari hiyo wakati wa kula. "Hata ya vyura, Papa! Banakunywa, banaimba!" Hujichokoa meno kwa sindano ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilitumika kwa nyoka. Kiswahili chake ni janga la pili.

Hata hivyo, nilipomweleza habari ya fuvu, Hamdani alisisitiza: "Mupeleke. Ule mutu anajua mifupa kuliko weye unavyojua koma."

Nikampeleka. Kayitare alitufungulia kabati kwa uzito. Muhigirwa akalichukua fuvu, akalipima mkononi, akaligeuza kwenye nuru ya dirisha. Kisha, kabla sijaweza kumzuia, akalilamba.

Sina maneno, nami nina maneno mengi. Aliulamba utosi wa kitu ambacho mama mmoja anakilia.

"Mufupa inashikaka ulimi," akasema, akijifuta. "Jiwe haishike. Huu ni mufupa, lakini iko nzito, imekwisha kugeuka jiwe. Ni ya zamani sana, mbele ya bankambo, babu ya babu zetu. Papa, hii si muntu. Ni kobe."

Kayitare alitusukuma nje kwa mikono yote miwili. "Tokeni! Toka na mbwa wako, Protais! Bantu banalia, weye unaniletea mulambaji!"

Njiani Muhigirwa aliomba tununue mandazi.

Jumapili, 19 Machi

Baada ya misa nilimwendea Mukarugwiza nyumbani kwake, nikamweleza kwa maneno niliyoyapanga usiku kucha. Aliyasikiliza yote.

"Kobe," akasema.

"Inawezekana sana, Maman."

"Weye uliandika na mukono yako ni mutoto wangu. Nikalia mbele ya bantu. Sasa unakuja kuniambia nililia kobe?" Akatema mate kando ya kiatu changu. Nilistahili yaanguke juu yake.

Kisha akakaa chini mlangoni, akatazama ng'ambo ya bonde. Huko, Mutabazi na watu wake walikuwa wakipanga kuni katika tanuru. Kwa heshima ya maziko Mutabazi ameahidi kutowasha moto mpaka jioni ya tarehe 15 Aprili, akashukuriwa hadharani. Kwa heshima hiyohiyo ametoa ahadi ya chokaa ya kupaka ukuta wa makaburi.

"Kama hii si yeye," akasema Mukarugwiza, "yeye angali mule."

Nikaelewa wakati uleule naye. Watavunja mawe ya shimo lilelile, watayatia motoni pamoja na chochote kilichogandamana nayo, na tutampaka mtoto ukutani.

Nilipoinua macho, alikuwa amesimama.

"Maneno yako siitaki tena," akasema. "Kama ni kobe, nionyeshe kobe. Niwekee moja hapa, ingine hapa. Mimi nitaangalia."

Alhamisi, 23 Machi

Muhigirwa amerudi kutoka mashamba ya mpunga ya Bugarama na kobe wa matopeni ndani ya mfuko wa saruji. Mnyama huyu, akiudhiwa, hafichi kichwa moja kwa moja nyuma kama kobe wa nchi kavu. Hukilaza kando, chini ya ukingo wa gamba, kama mtu anayeficha barua kwapani. Ndiyo maana Muhigirwa alimtaka yeye na si mwingine. "Ile ya zamani ni ya namna hii, minahisi," akasema.

Akiudhiwa zaidi, hutoa harufu. Nimeishi kambini na nimevuka mito yenye maiti, lakini kwa harufu hii sikuwa na maandalizi. Inakaa nyuma ya ulimi. Wateja wote walikimbia.

"Kwa nyumba yangu?" Hamdani alipiga kelele. "Muhigirwa! Hiyo sufuria isirudi jikoni, umesikia? Hata ukiisugua mpaka Idi!"

Muhigirwa alikichemsha kichwa uani. Mwili aliupika kando, akaula kwa bugali, akinikaribisha kwa moyo safi kabisa.

24 Machi

Nguo zangu zimeshika harufu. Padri alikohoa nilipopita.

Jumamosi, 25 Machi

Fuvu la kobe wa matopeni limetakata, jeupe, jepesi kama ganda la yai. Nilipolitazama nilijaa ghadhabu. Halifanani hata kidogo na lile la ofisini! Lile ni la mviringo juu, limefunikwa lote; hili, nyuma ya macho, paa lake limekatwa hadi ndani, na uti mwembamba tu umebaki katikati, kama nyumba iliyoezuliwa mabati na kubakiza mwamba.

"Umenifedhehesha," nikamwambia. "Kayitare atatucheka. Mama yule atatutemea tena."

Kwa mara ya kwanza Muhigirwa alikasirika. Alinishika mkono, akanikalisha.

"Sikiliza, Papa. Weye unaangalia paa. Kila muntu anaangalia paa! Ndiyo ilibadanganya bote. Hii ya matope paa yake imekatwa nyuma. Ile ya zamani, paa inafunika mashavu mpaka nyuma, ndiyo maana iko mviringo, ndiyo maana walisema mutoto. Zile za paa ya vile ziko Madagascar. Ni ukoo ingine, lakini nyumba ni moja. Bundugu ya kobe haionekane kwa paa. Inaonekana chini, kwa kapi."

"Kapi gani?"

Akalipindua fuvu, akaweka ncha ya sindano yake ya kinyaa kwenye mfupa wa chini unaojitanua pembeni kama bawa. Palikuwa na kinundu laini, kilichosuguliwa. Kamba ya nyama inayofunga taya, akasema, hupita juu ya kinundu hicho kama kamba juu ya kapi la kisima. Kobe warudishao shingo nyuma wana kapi lao mahali pengine, juu ya chumba cha sikio. Hawa walazao shingo kando wanalo hapa, juu ya bawa, nao hawakosi.

"Ile ya ofisi, chini imejaa chokaa," akasema. "Tuikwangue. Kapi ikiwa mule, ni huyu. Isipokuwa mule, unipige."

Nilitambua kwamba nilikuwa nimeisogeza pua yangu karibu sana na fuvu lile, wala sikuwa nimesikia harufu.

27 Machi

Kayitare amekataa fuvu likwanguliwe. Mukarugwiza amekwenda mwenyewe.

Jumatano, 29 Machi

Kayitare hakuweza kumkatalia mama. Alifungua kabati, akasimama mlangoni akitugeuzia mgongo.

Mukarugwiza aliketi sakafuni, akalilaza fuvu mapajani, juu ya kitenge alichokuwa amejifunga. Alikataa kuliweka mezani. "Kama ni yeye, hatakwanguliwa kwa meza kama kiazi," akasema. Kwa hiyo Muhigirwa alipiga magoti mbele yake, na kazi yote ilifanyika pale mapajani pake, kwa sindano na kwa brashi ya meno. Hakutania. Kila alipotaka kugusa mahali papya alisema, "Maman, sasa hapa," akasubiri mpaka mama aitikie kwa kichwa.

Vumbi jeupe lilimwangukia mama yule magotini, na mara moja likaingia mdomoni mwangu. Sikuthubutu kulitema wala kulimeza.

Nyuma ya fuvu kilitokea kifundo kimoja, cha kukalia shingo. Muhigirwa aliniomba nijishike kisogo changu mwenyewe: binadamu anavyo viwili, akasema, pande mbili za tundu. Mimi sikuweza kuvipapasa kupitia nyama, lakini Mukarugwiza alisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Ni viwili. Nilishika za bengine." Alikuwa amewaosha wote wa nyumbani kwake, mmoja mmoja.

Kisha kando ikatokea bakuli la sikio, pana kama kikombe cha kahawa cha Hamdani. Kisha, chini, bawa. Na juu ya bawa, baada ya chokaa kudondoka kipande kizima, kapi. Laini. Limesuguliwa.

Muhigirwa aliweka fuvu la kobe wa matopeni karibu nalo, chini juu, kwenye kitenge. Mukarugwiza alipitisha kidole juu ya kapi la hili, kisha juu ya kapi la lile. Akarudia. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa taya, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, polepole.

"Ikirezi alipendaka miwa," akasema. "Jino ya mbele, hii ya juu, ilikuwa imeoza. Nyeusi. Nilikuwa namupigia makelele kila siku, ataolewa na nani na jino ya vile." Akaondoa kidole. "Mimi natafuta jino moja imeoza. Hapa haiko."

Alilitoa fuvu mapajani, akampa Muhigirwa, akasimama, akakikung'uta kitenge, akakifunga upya kwa nguvu.

"Andika," akaniambia. "Lakini uandike kile kidole yangu iliona."

Jumapili, 2 Aprili

Muhigirwa ametamka, nami nimetunga. Nakala naiweka hapa, kwa kuwa sijawahi kupata shida kama hii kutafuta maneno, wala sijawahi kuyaamini hivi:

"Kiumbe huyu hakuwa na meno kamwe, taya lake lilivikwa pembe kama mdomo wa ndege. Kichwa chake kilikalia kifundo kimoja, ilhali cha binadamu hukalia viwili. Bakuli la sikio ni pana, nalo limechongwa ndani ya mfupa ambao wataalamu huuita wa pembe nne. Chini, kila upande, mfupa wa bawa una kapi la kano ya taya. Na kapi la mahali hapo ni la kobe walazao shingo kando peke yao. Kwa hiyo amewekwa katika kundi hilo. Lakini paa la fuvu halikukatwa nyuma kama la kobe wa matopeni wa Bugarama, bali limefunika mashavu na kisogo. Kwa hiyo hakuwa wa ukoo wao, bali wa ukoo ambao jamaa zake walio hai wako Madagaska na katika mito ya Amerika ya Kusini, na ambao hapa kwetu ulikwisha."

Hamdani aliisoma, akaweka kidole juu ya neno la mwisho. Hakucheka. "Papa, ukoo ulikwisha? Utasoma ile mbele ya yule mama?"

Nikalifuta. Nimeandika, "hauonekani tena."

Jumatano, 5 Aprili

Kayitare alisoma ukurasa wote amesimama. Akayatazama mafuvu mawili, kapi kwa kapi. Najua aliona, kwa sababu alilishika lile la zamani kwa namna nyingine, kama mtu anavyoshika kitu cha dukani.

"Ni kobe," akasema.

"Basi uchimbaji uendelee, bwana konseye."

Akaketi. "Papa Protais, mimi nimezika bantu mpaka mikono yangu haijue kufanya kazi ingine. Kila wiki mama moja anakuja: wangu iko wapi? Sina jibu. Huyu moja tulikuwa tumepata jibu yake. Jeneza iko tayari, jina imeandikwa, wageni batakuja. Mutabazi ana bafanyakazi, bana njaa. Tukichimba na tusipate? Mama atakaa mlangoni pake miaka mingapi anaangalia shimo? Mufupa ni mufupa. Muache alale."

Nilitaka kumchukia kwa ukamilifu, kama nilivyokuwa nimemchukia asubuhi. Nimeshindwa, na jambo hilo nalo limenikirihi. Alilirudisha fuvu kabatini, kando ya sukari, akafunga kwa ufunguo.

8 Aprili

Mvua. Juma la maombolezo limeanza; watu hawasemezani. Redio peke yake.

11 Aprili

Ukuta wa makaburi umepakwa chokaa kutoka akiba ya Mutabazi. Watu wanausifu kwa weupe wake. Nimepita upande wa pili wa njia.

Jumamosi, 15 Aprili

Naandika nikiwa na matope hadi magotini, na sitayaosha kabla sijamaliza.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Majeneza yalipangwa chini ya turubai, marefu kwa mafupi, na kati yake lile dogo lenye jina la Ikirezi kwa rangi nyeupe. Mukarugwiza alikuwa ameniambia jana kwamba Kayitare alimwapia kuwa jeneza hilo halitaletwa. Sikumwona akishtuka. Aliketi kati ya akina mama wengine, akaimba nao nyimbo zote, akangoja mpaka wabebaji walipoinama kulichukua lile dogo. Hapo akasimama.

"Konseye. Fungua."

"Maman, si hapa," akasema Kayitare. "Tafadhali."

"Ni hapa."

Mtu mmoja alikuja na jembe, akang'oa misumari. Kitambaa cheupe kilikunjwa vizuri sana. Yeyote aliyekikunja alikikunja kwa upendo. Mukarugwiza alikifunua, akaliinua fuvu lile kwa mikono yote miwili, juu, wote walione.

"Bantu ya Nyakabuye! Hii ni kobe. Ilikufa mbele Adamu azaliwe. Haina meno, haikukuwaka na meno. Mutoto wangu ana jino moja imeoza, na iko kwa shimo ya Mutabazi, na leo mangaribi Mutabazi atawasha moto."

Kijana mmoja nyuma alicheka aliposikia kobe. Nililitazama koo lake lililo wazi, na kama ningekuwa mtu wa kupiga watu ningelipiga. Mama mmoja mzee aliye kando yake alifanya hivyo kwa niaba yangu.

Mutabazi alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti. Hakuinua macho.

"Nilitaka ulale, Maman," akasema Kayitare polepole.

"Nitalala akilala."

Mukarugwiza akamwita Muhigirwa, aliyekuwa amesimama peke yake kwenye mvua, nje ya turubai, kwa kuwa si wa huku. Akampa fuvu. "Chukua mutu wako. Wa Madagascar. Umutunze, hana kosa." Kisha akafunika jeneza tupu, akajitwika kichwani, akaanza kushuka.

Hakuna aliyemfuata mara moja, na siwalaumu: kila mmoja alikuwa na wake wa kuzika. Nilimfuata mimi, na Muhigirwa amekumbatia fuvu kifuani. Njia ilikuwa ute mtupu. Nilianguka, kitu fulani kilipondeka chini ya kiganja changu, nikanyanyuka nacho. Mukarugwiza hakuteleza.

Tanuru lilikuwa limejazwa mawe, na kuni zilikuwa zimepangwa mdomoni mwake, kavu, zimefunikwa kwa mabati. Mukarugwiza aliondoa mabati. Akalisukuma jeneza la mwanawe ndani, juu ya kuni, jina likitazama nje. Kisha akaketi kando yake.

Kulipoanza kuingia giza Mutabazi alikuja na kibiriti na watu wake. Alisimama. Alisoma jina. Mmoja wa vijana wake akasema, "Bosi, tulitoe?" Mutabazi akamjibu, "Weye ulitoe. Gusa, tuone." Kijana hakugusa. Walisimama hapo mvua ikiwapiga, kisha wakarudi nyumbani.

16 Aprili

Bado wamekaa, Mukarugwiza na akina mama wengine sasa. Hamdani amewapelekea uji.

Jumatatu, 17 Aprili

Tumechimba. Sikupewa kalamu bali beleshi. Shimo hili linanuka yai bovu, kwa kuwa maji ya moto hupita chini yake, na matope yake meupe hujipaka mwilini kama maziwa yaliyoganda. Minyoo imo. Nimeishika. Muhigirwa anachekecha kila ndoo kwa pazia la chandarua la Hamdani, na kila kipande kinachobaki hukigeuza, hukilamba, hukitupa kando, nami nimejikuta nikimngoja amalize kulamba kama mtu angojaye hukumu, nikisema, "Vipi, ndugu yangu?"

"Jiwe, Papa. Lete ingine."

Kayitare alifika saa mbili asubuhi bila karatasi yoyote, akavua viatu, akaingia shimoni.

Mutabazi alikuja adhuhuri. Alilizunguka tanuru, kisha akamwambia Mukarugwiza kwamba kuni zake zinalowa, anaomba kuziondoa. "Ondoa kuni," akajibu. "Sanduku uliache." Basi akaziondoa moja moja, akipenyeza mkono chini na kuweka jiwe mahali pa kila kuni, ili jeneza lisitikisike. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza alisimama ukingoni mwa shimo na jembe, akauliza aanzie wapi, na Mukarugwiza akamwonyesha kwa kidole.

Ikirezi hatujampata. Kulipokuchwa mvua iligeuka, ikawa inapiga moja kwa moja mdomoni mwa tanuru. Kabla hatujaliona hilo Mutabazi alikuwa ametoka shimoni, amekata jani la mgomba, jipya, refu, na alikuwa akilifunika jeneza ili lisilowe.